Mkono wa Luseno Jukwaani

Nilimchukia Maurine siku ya kwanza nilipomwona, na sioni haja ya kuficha, kwa sababu yeye mwenyewe nimeshamwambia. Alikuja kwetu Kiamaiko, mtaa wa machinjio ya mbuzi, asubuhi ya Jumanne, amevaa buti za mpira mpya kabisa, daftari kwapani. Akasimama mlangoni pa machinjio ya Mzee Hirad, akaangalia. Hakununua nyama, hakuulizia bei ya mbuzi, hakumwita mtu. Aliangalia mpaka saa sita, akaandika, akaenda zake.

Mimi huuza supu ya vichwa na miguu katika kibanda kilichopakana na machinjio hayo. Mume wangu, Luseno, alikuwa amechuna mbuzi mle ndani kwa miaka kumi na tisa. Kuchinja ni kazi ya Waislamu, hilo halina mjadala; watu wengine, sisi Waluhya wa Maragoli tukiwamo, tunaingia damu ikishatoka. Luseno hupokea mbuzi akiwa ananing'inia kwenye ndoano na kumvua ngozi bila kuitoboa. Na ngozi ya Luseno ilijulikana. Wanunuzi walikuwa wakiikunjua juani, wanatafuta mahali kisu kilipoteleza, hawapaoni.

Sasa Kiamaiko mtu mwenye daftari ni mtu mmoja tu, mkaguzi. Hakuna aliyejisumbua kuuliza. Mzee Hirad alitoa makoti meupe kabatini, mengine yana alama za kukunjwa za tangu yaliponunuliwa. Vyeti vya afya vikabandikwa ukutani, sakafu ikaoshwa mara tatu kwa siku. Yule msichana akarudi siku ya pili, na ya tatu, mpaka zikatimia wiki tatu, na kadiri alivyonyamaza ndivyo watu walivyozidi kung'ara. Mimi nilinunua kofia ya kufunika nywele. Kila siku nilimpelekea kikombe cha supu ya bure, naye akapokea kwa adabu, "Asante sana, mama," nami nikatabasamu na kusema moyoni, kunywa, nyoka wewe.

Kimani ndiye aliyeleta habari. Huyu ni kijana anayechuna kando ya Luseno, mdomo wake haujui likizo.

"Mathe, tumechezwa," akaniambia. "Huyo manzi si wa serikali. Ni wa dansi."

"Wa nini?"

"Dansi, mathe! Ni Maurine wa mtaa wa Jericho. Yeye ndiye hutunga, wengine wanacheza."

Nilishika kiuno. Supu yangu ya wiki tatu imeingia tumboni mwa mtu wa dansi! Lakini Mzee Hirad aliposikia alicheka mpaka machozi yakamtoka, na nilijua ni machozi ya nafuu. Makoti yakarudi kabatini siku hiyo hiyo.

Nikaanza kuulizia habari za Maurine huyo, maana adui ni vizuri kumjua. Ni binti ya Mzee Odongo, karani mstaafu wa reli, nyumba za zamani za Jericho karibu na soko. Alipelekwa kusomea uhasibu, akautupa, baba yake akakaa miaka miwili bila kumsemesha. Akaenda huko alikoenda kujifunza, akarudi, akaomba ukumbi wa mtaa uliokuwa umebaki wa harusi na mikutano ya wapangaji. Vijana wakaanza kujaa. Dansi yake ya kwanza ilihusu wanawake wa soko la Gikomba wanavyofungua belo la mitumba, wanavyochomoa nguo, kuipiga hewani mara moja na kuijua thamani yake kabla haijatua. Jirani yangu aliiona akarudi analia, eti amemwona mama yake aliyekufa miaka sita iliyopita. Nikamwambia, wewe ulikuwa na njaa. Lakini ni kweli kwamba watoto wa mtaa walibadilika. Ungewakuta kwenye kituo cha basi wawili watatu wamesimama kimya, wanamtazama fundi viatu anavyovuta uzi, halafu wanaurudia mvuto ule kwa bega. Hata kwaya ya kanisa letu iliacha ile ya kuyumba kulia na kushoto, na wazee wakalalamika wiki mbili, kisha wakazoea.

Basi Maurine akaleta tiketi. Jumamosi alasiri ilikuwa ya watu wa Jericho, Jumapili alasiri ya Kiamaiko nzima, Mzee Hirad na wachunaji wake wote. Mimi na Luseno tulipewa za Jumamosi, asante ya supu. Nilivaa gauni la Krismasi. Nilitaka nikae mbele, nikunje mikono, niuone huo upuuzi kwa macho yangu.

Wakatoka watu sita, miguu mitupu. Mbuzi hakuwepo, damu haikuwepo, hata kisu hakikuwepo. Ngoma wala gitaa hukusikia, ila sauti ya kisu kinachonolewa, ile ile inayoniamsha akili kila alfajiri nikiwasha jiko. Mwili ukanisisimka kabla sijaupa ruhusa. Kwa maana nilimjua kila mtu! Yule mrefu alikuwa Kimani, anavyofuta pua kwa bega kwa kuwa mikono ina mafuta. Yule mwingine alikuwa mzee anayevuta mbuzi aliyegoma, mbuzi asiyekuwepo, na nilimwona mbuzi yule nikaona hata ubishi wake. Na mimi pia nilikuwepo, nakoroga sufuria huku nimegeuza shingo kumgombeza mteja. Ukumbi ukacheka, nami nikacheka, mikono yangu nikaisahau magotini. Kama kuna mtu aliwahi kunitazama kwa makini namna ile, labda ni marehemu mama yangu.

Kisha akaja msichana wa kama miaka ishirini, mwembamba, akasimama katikati. Akainua ngumi ya kulia, akaisukuma polepole mbele, kati ya ngozi na nyama ambazo hazikuwepo. Nikamgusa Luseno begani. "Ni wewe!" Akaitikia kwa kichwa, hakunitazama.

Yule msichana akabana kiwiko cha kushoto ubavuni, kwa nguvu, kama mtu aliyeficha kitu kwapani. Akaegemea nyuma mwili mzima, ngozi ikashuka. Akarudi, akabana, akaegemea. Ilikuwa nzuri ajabu, alivyokuwa anaanguka bila kuanguka. Wenzake watano wakajiunga naye, wote sita wanabana na kuegemea, na ukumbi mzima ukatulia. Na chini ya kile kiwiko mkono wa kushoto ulining'inia, vidole vimejikunja kidogo kama vya mtoto aliyelala. Haukushika kitu. Haukujaribu hata kushika.

Nilipigwa na butwaa. Kule kazini mbuzi yupo, na macho yote huenda kwa mbuzi. Unatazama ngozi inavyotoka, unatazama nyama, unatazama kama kisu kimekosea. Maurine alikuwa amemwondoa mbuzi. Aliyebaki pale jukwaani ni mume wangu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umekufa.

Mambo yakaanza kunijia moja moja, kila moja na kofi lake. Vifungo vya shati! Kwa mwaka mzima kila Jumapili alikuwa anasimama mbele yangu, "Mama Kageha, nifunge," nami nafunga, moyo unanitulia kama msichana. Nilidhani ni mahaba. Nilijisifu kwa kina mama wa kanisa kwamba wangu bado anataka kuguswa. Na ngoma ya kanisani, aliyoipiga tangu ujana, aliikabidhi kwa vijana akasema wapewe nafasi, na mchungaji akamsifu kwa unyenyekevu wake. Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni.

Dansi ilipoisha watu walisimama wakapiga makofi. Nikageuka. Luseno naye alikuwa anapiga makofi, kiganja cha kulia juu ya paja lake.

Sikumwuliza. Mimi ambaye nimegombana na wauza kuni, na askari wa jiji, na shemeji zangu wote watatu, niliogopa kumwuliza mume wangu swali moja. Nilichofikiri ni kesho yake. Kesho Mzee Hirad angekaa kiti kile kile na kuona nilichoona. Mtu wa kisu mwenye mkono mmoja hapewi cheti, na asiye na cheti hakanyagi machinjio. Mzee Hirad ni mtu mwema, lakini wema wake haujawahi kuzidi biashara yake. Luseno hana kazi nyingine. Hana hata stori nyingine. Ukimwuliza ana miaka mingapi huanza kuhesabu tangu alipoanza kuchuna.

Nikamwambia anisubiri nje, nikaingia nyuma ya jukwaa. Maurine alikuwa anakunywa maji.

"Umemuua mume wangu," nikamwambia.

Chupa ikamtoka mkononi. "Mama, nimefanya nini?"

"Ule mkono. Nani alikwambia?"

"Mkono gani?"

Nikamwonyesha. Nikabana kiwiko ubavuni, nikaacha vidole vining'inie. Alinitazama, na polepole uso wake ukabadilika, nikajua hakuwa anajua.

"Lakini mama, ni wote," akasema. "Kimani, wale wengine, wote wanachuna hivyo. Niliwaangalia wiki tatu. Nilifikiri ndiyo style ya Kiamaiko."

"Wanamwiga fundi wao! Kijana akifundishwa na kilema naye huchechemea. Mkono wa mume wangu hauna uhai, na mimi nimejua leo, hapa kwako, kwa tiketi ya bure!"

Akakaa chini sakafuni, akashika kichwa. Alisema anaandika anachokiona, kwamba hilo tu ndilo analojua kufanya, kuandika anachokiona bila kuongeza. Nikamwambia basi kesho aongeze. Wape vidole, nikamwambia. Wacheze na mikono miwili mizima kama watu walioumbwa na Mungu.

"Dansi yote imesimama kwa hiyo mkono," akasema kwa sauti ndogo.

"Na nyumba yangu imesimama kwa ule mwingine."

Akaiokota ile chupa. Kisha akasema sawa, mama, nitabadilisha. Nilitoka pale nikiwa nimeshinda, na sijawahi kushinda kitu kikaniuma vile.

Jumapili baada ya kanisa tulirudi, Luseno akisema anataka kuketi na wenzake. Nilikuwa nimemfunga vifungo asubuhi bila kuinua macho. Mzee Hirad alikaa mbele kabisa, viti viwili kutoka kwangu, kofia yake nyeupe imepigwa pasi, fimbo kati ya magoti. Nyuma yetu Luseno, Kimani na wachunaji wengine wanane, wameoga mpaka sikuwatambua. Humo ndani hakukuwa na mgeni hata mmoja, wote wa kwetu.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Walimcheka Kimani wa jukwaani, Kimani mwenyewe akapiga kelele, "Si mimi huyo!" Walinicheka mimi na sufuria yangu. Ndipo akatoka yule msichana mwembamba, akainua ngumi ya kulia, na mkono wa kushoto ukanyooka mbele, vidole vitano vimeshika ngozi imara, vinavuta.

Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Na papo hapo nikaona kwamba dansi imekufa. Alikuwa anavuta, basi. Kule kuegemea nyuma hakukuwa na sababu tena. Wenzake walipojiunga walifanana na watu wanaoanua nguo kwenye kamba. Maurine alikuwa amesimama pembeni, amejikumbatia, anatazama sakafu.

Fimbo ikapiga ubao, mara mbili.

"Simamisha!"

Mzee Hirad alikuwa amesimama. Wachezaji wakaganda. "Wewe msichana," akamwambia Maurine, "huyu ni nani?"

"Ni Mzee Luseno," Maurine akajibu.

"Wallahi si Luseno! Luseno mimi najua. Mkono yake umepeleka wapi?"

Damu ilinikauka. Mzee Hirad akageuka, akawanyooshea fimbo wachunaji wake, ambao wote walikuwa wameinamisha vichwa.

"Hawa vijana yangu, mwaka mzima wamejifunza kuchuna na kiwiko. Mwaka mzima! Ngozi ngapi zimetoboka nikanyamaza. Ili mkaguzi akiingia aone watu wote ni moja, asione mtu moja. Mimi mwenyewe nimesema wafanye hivyo. Umekaa kwetu wiki tatu, umeona hiyo yote, halafu unatoa? Unatuonea haya?"

Nilimgeukia Kimani, aliyekuwa nyuma yangu.

"Mathe, tulijipanga," akasema, macho chini. "Mtu wa daftari akitokea, wote kiwiko. Si huyu Maurine tulidhani ni mkaguzi? Ndio maana tulichuna hivyo hizo wiki tatu zote."

"Wote mlijua?"

"Wote."

"Na hakuna aliyeniambia?"

Kimani alijikuna shingo. "Tulikuogopa, mathe."

Kuna aliyecheka, akajizuia. Machinjio mazima, watu tisa na tajiri wao, mtu na rafiki yake, Mwislamu na Mkristo, Mkikuyu na Mluhya, walikuwa wamekunja viwiko vyao mwaka mzima ili mume wangu asionekane. Na mimi ninayelala naye kitanda kimoja, ninayepika hatua kumi kutoka kwenye ndoano yake, nilikuwa ndiye mkaguzi waliyemwogopa kuliko wote. Nilitaka kukasirika. Niliitafuta hasira yangu, ambayo hainipotei kamwe, nisiipate.

Maurine alikuwa ameshuka jukwaani. Hakunitaja. Angenitaja, haki ingekuwa yake, lakini alimwendea Luseno moja kwa moja, akapiga goti mbele yake kama mtoto wa Jericho anayemsalimia mzee.

"Baba, ni mimi nimebadilisha. Nimekosa. Sasa niambie wewe, tufanye nini?"

Luseno si mtu wa maneno. Aliutazama mkono wake pale pajani kwa muda, watu wakimngoja. Kisha akasema, "Nirudishie mkono yangu."

Akaja mbele akaketi kando yangu, Kimani akimpisha apite. Taa zikazimwa upya. Kisu kikaanza kunolewa. Msichana yule akainua ngumi, akabana kiwiko, akaegemea nyuma na mwili wake wote, na nikasikia nyuma yangu wachunaji tisa wakivuta pumzi pamoja, kwa kuwa walijua uzito ule uko wapi. Wale sita wakaanguka na kuinuka, wakaanguka na kuinuka. Sasa sikuona maradhi peke yake. Niliona mtu mmoja aliyetafuta njia ya kuendelea, na wengine waliokwenda kumsimamia pembeni. Maurine alikuwa ameliona jambo hilo kabla yetu sote na hakujua jina lake.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamnong'oneza Luseno. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Kesho ni hospitali, hata ukatae."

"Nitaenda."

"Kwa nini hao wote, halafu si mimi?"

Hakuyaondoa macho jukwaani.

"Hao walikuwa wananionea huruma," akasema. "Kila siku. Nikirudi nyumbani, kuna mtu mmoja bado ananifokea kama mtu mzima. Sikutaka hiyo iishe."

Nililia, na sikujali nani ananiona. Nikanyoosha mkono gizani, nikautafuta ule wa kushoto pale ulipolala juu ya paja lake, nikaingiza vidole vyangu kati ya vidole vyake, nikavifunga kimoja kimoja kwa kuwa vyenyewe havikufunga. Ulikuwa baridi. Nikaushika mpaka vidole vyangu vikauma. Yeye alikuwa anatazama jukwaani, na baada ya muda akainamisha kichwa upande wangu.

"Mama Kageha," akasema, "umeshika?"

Nikamwambia nimeshika.